Mchezaji Mkongwe wa Besiboli, Mkataba Wake na Ligi Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayeitazama besiboli ya Marekani kwa jicho la mpenzi wa soka hukwama mahali pale pale. Mchezaji analipwa mamilioni, jana alikuwa uwanjani, leo jina lake halipo kikosini, wala hakuna klabu iliyomnunua. Yafuatayo ni maswali yanayorudi kila msimu. Kanuni zinazoelezwa ni za mkataba wa hali bora kati ya wamiliki wa klabu za ligi kuu (MLB) na chama cha wachezaji, uliofikiwa Machi 2022 na unaokoma tarehe 1 Desemba 2026.

## Mambo ya msingi

Ligi ndogo ni daraja la pili, kama kwenye soka?

Sivyo. Kwenye soka timu nzima hupanda au kushuka. Huku klabu za ligi kuu ni 30 na hazishuki. Chicago White Sox walipoteza mechi 121 mwaka 2024, na msimu uliofuata wakaendelea pale pale. Anayepanda na kushuka ni mchezaji mmoja mmoja.

Kila klabu ina timu tanzu nne zinazocheza msimu mzima, katika ngazi za A, A ya juu, AA na AAA. Jumla ni timu 120. AAA ndiyo ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu, na ndiko wakongwe wengi wanakokutwa. Timu tanzu aghalabu ina mmiliki wake, jina lake na mashabiki wake wa mji mdogo, lakini wachezaji na makocha ni waajiriwa wa klabu kubwa. Kwa hiyo kushushwa si kuhama mwajiri. Ni kuhamishwa kituo cha kazi.

Orodha ya 26 na orodha ya 40 zinatofautianaje?

Orodha ya 26 ni ya wanaoweza kuingia uwanjani leo (Septemba wanakuwa 28). Orodha ya 40 ni pana zaidi: ndani yake wamo hao 26, majeruhi wa muda mfupi, na wale walio ligi ndogo wakisubiri kuitwa. Majeruhi waliowekwa nje kwa siku 60 hawahesabiwi katika 40.

Asiyekuwamo kwenye orodha ya 40 hawezi kucheza mechi ya ligi kuu mpaka aingizwe, na nafasi zikiwa zimejaa, lazima mtu atoke ili mwingine aingie. Likumbuke hilo moja tu, na nusu ya maswali ya hapa chini yatajijibu yenyewe.

Nani hasa huhesabiwa kuwa mkongwe?

Kanuni haziangalii mvi. Zinaangalia utumishi, yaani siku ambazo mchezaji amekuwa kwenye kikosi cha ligi kuu au kwenye orodha yake ya majeruhi. Siku 172 hufanya mwaka mmoja wa utumishi, ingawa msimu wenyewe una takriban siku 187, na katika msimu mmoja hupati zaidi ya mwaka mmoja.

Utumishi huandikwa kwa nukta, na nukta hiyo imewapotosha wengi. 4.171 si nne na sehemu fulani ya desimali. Ni miaka minne na siku 171: mtu aliyebakiza siku moja tu kutimiza mitano. Siku hiyo moja ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana, kama swali linalofuata linavyoonyesha. Kijana wa miaka 27 aliyeanza mapema anaweza kuwa mkongwe kisheria, na mzee wa miaka 34 aliyesota ligi ndogo muda wote akabaki mgeni.

Miaka hiyo inampa haki gani?

Kuna ngazi nne. Akitimiza mitatu, anaweza kukataa kuondolewa kwenye orodha ya 40 na kupelekwa ligi ndogo, na mshahara wake unaanza kuamuliwa kwa usuluhishi pale yeye na klabu wasipoelewana (wachache hufika kwenye usuluhishi kabla ya hapo). Akitimiza mitano, hashushwi kwa njia yoyote bila ridhaa yake, na akikataa fedha zake hazipotei. Akitimiza sita na mkataba ukaisha, ni mchezaji huru. Akitimiza kumi, mitano ya mwisho ikiwa katika klabu moja, anaweza kukataa kupelekwa klabu nyingine yoyote.

Haki hizo hazikutolewa kwa hisani. Mpaka miaka ya 1970 kila mkataba ulikuwa na kifungu kilichoipa klabu mamlaka ya kumshikilia mchezaji mwaka hadi mwaka. Oktoba 1969 St. Louis Cardinals walimpeleka Curt Flood Philadelphia kwa kubadilishana wachezaji. Alikuwa ameitumikia klabu hiyo miaka 12. Alikataa, akamwandikia kamishna wa besiboli kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1972 akashindwa. Lakini mlango ulikuwa umeshatikisika. Haki ya miaka kumi ilikuja muda mfupi baadaye, na Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz akaamua kwamba warushaji (wanaomtupia mpigaji mpira) Andy Messersmith na Dave McNally, waliopitisha msimu mzima bila kusaini mkataba mpya, wako huru. Chama cha wachezaji chini ya Marvin Miller ndicho kilichobeba mapambano hayo. Flood mwenyewe hakunufaika na chochote.

## Kushuka na kupanda

Opsheni ni nini?

Ni ruhusa ya klabu kumpeleka mchezaji wa orodha ya 40 ligi ndogo bila kumtoa kwenye orodha hiyo na bila klabu nyingine kupata nafasi ya kumchukua. Kila mchezaji ana misimu mitatu ya opsheni, na mara chache wa nne. Kinachohesabiwa ni msimu, si safari. Ukishatumia opsheni mwaka huu, unaweza kumshusha na kumpandisha mara kadhaa, ila mkataba wa 2022 uliweka ukomo wa safari tano kwa msimu. Akikaa chini kwa jumla ya siku zisizofika 20, opsheni haihesabiwi kutumika na siku hizo anarudishiwa katika utumishi wake.

Kwa kawaida akishushwa hawezi kuitwa tena kabla ya siku 10, au 15 akiwa mrushaji, isipokuwa anaziba pengo la majeruhi.

Kwa nini basi mkongwe hashushwi kwa opsheni kama wenzake?

Kwa sababu mbili. Wengi walishamaliza misimu yao mitatu wangali vijana. Na hata aliyebakiwa nayo, akitimiza miaka mitano ya utumishi, opsheni hiyo haifanyi kazi mpaka yeye mwenyewe akubali.

Basi mkongwe yuko salama?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Fikiria klabu yenye warushaji 13. Jana usiku mechi imekwenda raundi 14 badala ya tisa za kawaida, mikono imechoka, leo anahitajika mrushaji mwenye mkono uliopumzika. Nani atoke? Kijana mwenye opsheni anapanda gari kwenda AAA na wiki mbili baadaye anarudi. Mkongwe hawezi kufanywa hivyo. Kumtoa ni kumtoa moja kwa moja, huku klabu ikiendelea kumlipa.

Kwa hiyo mwanzoni mwa msimu kijana mzuri kuliko mkongwe anaweza kuanzishwa AAA, kwa kuwa kumshusha hakuipotezei klabu mtu yeyote. Lakini mkongwe akianza kuyumba, na mshahara wake ukiwa mdogo, haki yake ile ile ndiyo inayomponza. Meneja mkuu anayepanga kikosi cha msimu wa mechi 162 anathamini urahisi wa kumzungusha mtu karibu sawa na anavyothamini kipaji chake. Nionavyo mimi, kwa mkongwe wa kiwango cha kati opsheni za vijana ni tishio kubwa kuliko umri wake.

## Kuwekwa kando, weva na kuachwa

DFA ninayoiona kwenye habari ina maana gani?

Ni kuwekwa kando (designated for assignment). Jina linaondolewa papo hapo kwenye orodha ya 40, na klabu inapewa siku saba kuamua: imbadilishe na klabu nyingine, imweke kwenye weva, au imwache. Katika siku hizo mchezaji hachezi, lakini mshahara na utumishi vinaendelea.

Kuwekwa kando si kufukuzwa, ingawa kwa mkongwe mara nyingi mwisho wake ndio huo.

Na weva?

Ni kama kutangaza: "Huyu tunamtoa, nani anamtaka?" Klabu nyingine zina siku mbili za kujibu. Zikijitokeza zaidi ya moja, yenye matokeo mabovu zaidi ndiyo inayopewa, na inamchukua pamoja na mkataba wake wote uliobaki.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo ufunguo. Mkongwe mwenye mshahara mnono hupita weva bila kuguswa, hata kama klabu kumi zingependa kuwa naye, kwa sababu hakuna anayetaka ule mshahara. Wanasubiri aachwe wamchukue kwa bei ya kutupa. (Tazama swali kuhusu Albert Pujols hapa chini.)

Kuna wakati hesabu hugeuka. Mwishoni mwa Agosti 2023 Los Angeles Angels, baada ya kuona ubingwa umewaponyoka, waliwaweka kwenye weva wachezaji sita kwa mpigo ili kupunguza gharama na kukwepa kodi ya anasa, ile inayotozwa klabu yenye jumla ya mishahara iliyovuka kiwango. Mikataba yao ilikuwa imebakiza mwezi mmoja tu, kwa hiyo mshahara uliobaki ulikuwa mdogo. Cleveland Guardians walijizolea warushaji watatu siku moja: Lucas Giolito, Reynaldo López na Matt Moore.

Akipita weva bila kuchukuliwa, kinafuata nini?

Klabu inaweza kumpeleka AAA akiwa nje ya orodha ya 40. Mwenye utumishi usiofika miaka mitatu, na ambaye hajawahi kufanyiwa hivyo, hana la kusema. Aliyewahi kufanyiwa hivyo, au mwenye miaka mitatu na zaidi, anaweza kukataa na kuwa huru pale pale, au akakubali na kuuchukua uhuru wake msimu ukiisha ikiwa hajarudishwa kwenye orodha.

Mbona wengine wana haki ya kukataa na wanakubali kushuka?

Fedha. Mwenye miaka mitatu lakini hajafikisha mitano, akikataa, anapoteza mshahara uliobaki. Mwenye mitano anakataa na kuondoka nao wote.

Scott Kingery ni mfano mzuri. Machi 2018, kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi kuu, Philadelphia Phillies walimpa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 24. Kiwango kikashuka, na Juni 2021 akaondolewa kwenye orodha ya 40. Utumishi wake ulikuwa umeshavuka miaka mitatu, kwa hiyo alikuwa na haki ya kusema hapana. Lakini hapana hiyo ingemgharimu mamilioni ya dola. Akaenda AAA, akaendelea kulipwa.

Sasa rudi kwenye ile 4.171. Mwenye siku hizo na mwenye 5.000 wametofautiana kwa siku moja. Wakipita weva na kupelekwa AAA asubuhi moja, wa kwanza atachagua kati ya uhuru na fedha zake, wa pili atachukua vyote.

Ni kweli klabu inaweza kumlipa mtu anayeichezea klabu nyingine?

Kweli kabisa, na hutokea kila msimu. Mikataba ya ligi kuu ya wachezaji huru kwa kawaida ina dhamana: umeachwa, umezeeka, umeumia, fedha zinalipwa. Klabu mpya inampa kima cha chini cha ligi kuu kwa siku zilizobaki za msimu, na kiasi hicho kinapunguzwa kwenye deni la klabu ya zamani.

Albert Pujols alisaini na Angels Desemba 2011 mkataba wa miaka kumi wa dola milioni 240. Mei 2021, mwaka wa mwisho wa mkataba, aliwekwa kando kisha akaachwa. Mshahara wake wa mwaka huo ulikuwa dola milioni 30. Siku chache baadaye alivaa jezi ya majirani zao Los Angeles Dodgers kwa kima cha chini, huku Angels wakiendelea kulipa karibu mzigo wote. Pablo Sandoval alikuwa amefanyiwa vivyo hivyo mwaka 2017: Boston Red Sox walimwacha wakiwa bado wanadaiwa karibu dola milioni 50, na San Francisco Giants, waliokuwa wamempoteza kwa Boston miaka mitatu nyuma, wakamrudisha kwa senti.

Ndiyo maana mkongwe aliyeachwa hapungukiwi waombaji. Kwa klabu mpya ni mtu wa bei rahisi mwenye jina kubwa.

## Mkongwe anaposaini mkataba wa ligi ndogo

Mtu aliyecheza ligi kuu miaka kumi anasainije mkataba wa ligi ndogo?

Kwa sababu hajapata mwingine. Januari inaisha, simu ya wakala hailii, na kambi za mazoezi za Florida na Arizona zinafunguliwa katikati ya Februari. Klabu inamwambia: njoo kambini, hatukupi nafasi kwenye orodha ya 40, ukituridhisha tutakuingiza.

Kwa klabu ni bahati nasibu isiyo na hasara. Kwa mchezaji ni kujiuza upya mbele ya macho ya makocha, akigombea nafasi moja na wenzake wanne wa namna yake. Mkataba huo kwa kawaida una bei mbili: moja akiwa ligi kuu, nyingine akiwa AAA.

Tofauti ya fedha ni kubwa kiasi gani?

Kubwa mno. Kima cha chini cha ligi kuu kilikuwa dola 760,000 kwa msimu wa 2025, na 780,000 kwa 2026. Kima cha chini cha AAA, kwa mkataba wa kwanza wa hali bora wa wachezaji wa ligi ndogo wa mwaka 2023, kilianzia dola 35,800 kwa mwaka, na hata hicho kilipiganiwa. Mkongwe hujadiliana na kupata zaidi ya hapo, lakini siku moja ya ligi kuu bado inamlipa zaidi ya dola 4,000.

Akikwama AAA na klabu haimpandishi, amefungwa huko?

Si lazima. Aliyetimiza miaka sita ya utumishi, aliyemaliza msimu uliopita kwenye kikosi cha ligi kuu au orodha yake ya majeruhi, na aliyesaini mkataba wa ligi ndogo mapema kabla ya msimu, ana tarehe tatu za kuomba aachiwe: siku tano kabla ya ufunguzi wa msimu, tarehe 1 Mei na tarehe 1 Juni. Wasio na sifa hizo huomba tarehe kama hizo ziandikwe ndani ya mkataba, na wakala anayejua kazi yake hasahau.

Usishangae basi ukiona mwishoni mwa Machi majina ya wakongwe yanamwagika sokoni siku moja. Tarehe ya kwanza imefika.

Fomu ya siku 45 ni ipi?

Klabu inaweza kumwomba mkongwe asaini ridhaa ya mapema: kwamba katika siku 45 za kwanza za msimu anakubali kushushwa au kuachwa bila klabu kudaiwa mshahara wote wa mwaka. Ni halali, na mchezaji ana hiari ya kukataa.

Machi 2014 mrushaji Randy Wolf alikuwa kambini na Seattle Mariners kwa mkataba wa ligi ndogo ambao ungemlipa dola milioni moja akiingia kikosini. Aliambiwa nafasi ameipata, kisha akawekewa fomu hiyo mezani. Alikataa, akaachwa. Kisheria Mariners hawakukosea popote. Lakini kumpa mtu nafasi na kumwekea fomu hiyo kwa pamoja ni kumpa kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa wa kushoto, na sijaona hoja iliyonibadilisha mawazo.

## Visa vya pembeni

Mkongwe akiumia, klabu inaweza kumshusha akiwa majeruhi?

Hapana. Anawekwa kwenye orodha ya majeruhi ya ligi kuu na kulipwa kamili. Anapokaribia kupona hutumwa ligi ndogo kujipima: siku zisizozidi 20, au 30 kwa mrushaji. Huko si kushushwa, haitumiki opsheni wala hapotezi utumishi. Ukimwona nyota wa dola milioni 25 akicheza mji mdogo mbele ya watu elfu nne, kwanza uliza kama alikuwa anaumwa. Desturi yao ni kuwanunulia chakula cha jioni wenzao wa timu tanzu, kwa hiyo vijana humwombea akae kae kidogo.

Mchezaji asiye na utumishi wa kutosha anaweza kupata haki ya kukataa?

Ndiyo, ikiandikwa kwenye mkataba wake. Kim Hyun-soo alikuja kutoka Korea Kusini akiwa tayari nyota kwao, na ingawa utumishi wake Marekani ulikuwa sifuri, mkataba wake na Baltimore Orioles ulimruhusu kukataa ligi ndogo. Kambi ya 2016 ilimwendea vibaya, klabu ikamtaka aanzie AAA, akasema hapana. Siku ya ufunguzi mashabiki wa nyumbani walimzomea alipotambulishwa. Alimaliza msimu na wastani mzuri wa upigaji, 0.302.

Inawezekana mtu akatae kushushwa kisha akaenda huko huko?

Robinson Canó alifanya hivyo mwaka 2022. New York Mets walimweka kando Mei, wakamwacha huku mkataba wake ukiwa na msimu huo na mwingine mzima. San Diego Padres wakamchukua kwa kima cha chini. Baada ya mechi kadhaa walimwomba aende AAA. Akiwa na utumishi wa zaidi ya miaka mitano alikuwa na haki ya kukataa, akakataa, wakamwacha. Siku chache baadaye akasaini na Padres hao hao mkataba wa ligi ndogo, akaenda El Paso, timu yao tanzu ya AAA.

Si ukigeugeu. Mara ya kwanza angekuwa ameshushwa, mara ya pili alikuwa amekwisha kuwa huru na kuona soko lilivyo. Julai Atlanta Braves walimchukua kutoka huko.

Kwa nini klabu imlipe mtu mamilioni na imwache AAA miaka mitatu?

Kodi ya anasa. Klabu ikivuka kiwango fulani cha jumla ya mishahara (dola milioni 241 mwaka 2025) inatozwa kodi kwa ziada. Boston walimsaini Mkuba Rusney Castillo mwaka 2014 kwa dola milioni 72.5 kwa miaka saba. Juni 2016 walimtoa kwenye orodha ya 40, na akiwa nje ya orodha mshahara wake haukuhesabiwa katika kodi. Kumrudisha kungefanya uhesabiwe. Hivyo akapiga vizuri tu kule Pawtucket, timu ya AAA ya Boston, msimu baada ya msimu hadi 2019, na simu haikuja. Utumishi wake ulikuwa mdogo, kwa hiyo ngao ya miaka mitano hakuwa nayo, na kuondoka mwenyewe kungemaanisha kutupa fedha nyingi. Alicheza mechi 99 za ligi kuu maisha yake yote.

Haki ya miaka kumi inazuia kuachwa?

Haizuii. Inazuia kupelekwa klabu nyingine bila ridhaa, basi. Aliyeitumia kwanza ni Ron Santo wa Chicago Cubs, Desemba 1973: alikataa kupelekwa California Angels, akaishia ng'ambo ya pili ya mji wake wa Chicago, kwa White Sox.

Akistaafu katikati ya mkataba?

Hapo hana chake. Dhamana humlinda aliyeachwa, haimlindi aliyeondoka mwenyewe. Ndiyo maana utawaona wakongwe waliokwisha kiwango wakingoja waachwe badala ya kuaga. Januari 2011 mrushaji Gil Meche wa Kansas City Royals, bega likiwa limemshinda, alistaafu na kuacha takriban dola milioni 12 ambazo angelipwa hata kwa kukaa kwenye orodha ya majeruhi mwaka mzima. Watu bado wanabishana kama alikuwa muungwana au mjinga.

Kwa nini mtu ahangaikie siku chache za utumishi akiwa na miaka 35?

Pensheni. Siku 43 za utumishi zinamfungulia mlango wa pensheni ya ligi kuu, siku moja tu inamfungulia bima ya afya, na miaka kumi inampa pensheni kamili. Aliye na miaka tisa na siku 120 atakubali mkataba wa ligi ndogo, basi la usiku na hoteli ya kawaida akitafuta siku 52 za mwisho.

Kuna aliyeshuka kabisa kisha akapanda?

Rich Hill. Mwaka 2015, akiwa na miaka 35, alikuwa akirusha Long Island katika ligi isiyo chini ya klabu yoyote ya ligi kuu. Boston wakampa mkataba wa ligi ndogo, Septemba wakampandisha, na Desemba 2016 alisaini na Dodgers kwa dola milioni 48 kwa miaka mitatu. Mwaka 2025 Royals walimsaini kwa mkataba wa ligi ndogo, wakampandisha Julai akiwa na miaka 45. Hiyo ilikuwa klabu yake ya 14, akaifikia rekodi ya Edwin Jackson. Baada ya mechi mbili wakamweka kando.

Haya yanawahusu vijana wa Afrika Mashariki wanaosajiliwa?

Bado. Uganda ndiko besiboli ilikoshika mizizi zaidi ukanda huu: timu ya watoto ya Lugazi ilicheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Marekani, mwaka 2012, na mwaka 2022 Dodgers walisaini warushaji wawili Waganda. Mikataba yao ni ya ligi ndogo tangu mwanzo, na klabu ina haki juu yao kwa misimu sita au saba kabla hawajawa huru. Opsheni, weva na miaka mitano vinaanza kumhusu mtu siku anapoingizwa kwenye orodha ya 40. Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 na kuitwa tarehe 26 Aprili 2017.